Kwaya Yetu Katika Mji wa Leipzig

(Hotuba iliyosomwa shuleni mbele ya Wazee, walimu na wanakwaya, baada ya kwaya kurudi kutoka Ujerumani)



Tumeombwa tueleze habari za safari yetu ya Ulaya, na hasa za mji wa Leipzig, ambako kwaya yetu ilikaa siku sita katika mwezi wa Septemba uliopita. Mji huu si mgeni kabisa kwetu sisi watu wa Kilimanjaro. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka wa 1893 walitumwa kutoka huko, na nyingi katika nyimbo tuimbazo siku ya Jumapili zililetwa nao. Tena Bwana Hans Meyer, aliyefika kilele cha mlima wetu pamoja na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, alikuwa mtu wa mji huo huo. Basi hatutasema yote tuliyoyaona, maana msemaji wa yote huwachosha wasikilizaji. Tutachagua yale ambayo kwa maoni yetu yatufaa sisi hapa nyumbani, na mwisho tutaleta ombi letu mbele yenu.

Kwanza tueleze namna mji ulivyo. Leipzig uko katika nchi ya Saksonia, mahali tambarare, wala hapana mlima wowote wa kutazamwa. Watu wake wapita 600,000. Ukuu wake wa zamani haukutoka katika vita wala katika wafalme, bali katika biashara, kwa sababu njia mbili kubwa za wafanya biashara zilikutana hapo. Mwaka wa 1497 Mfalme Maximilian aliupa mji haki ya kufanya minada mikubwa ambayo miji ya jirani ilikatazwa kushindana nayo. Chuo chake kikuu kilianzishwa mwaka wa 1409. Tulifika kwa garimoshi, na stesheni yenyewe ilitushangaza. Ilimalizika kujengwa mwaka wa 1915, na upana wake wa mbele ni karibu mita 300. Lakini mji wa kale wenyewe ni mdogo. Umezungukwa na barabara ya mviringo pale palipokuwa na ukuta zamani, na mtu aweza kuukata kwa miguu kutoka upande hata upande bila kuchoka. Kwa hiyo tulitembea kwa miguu kila siku, wazee wetu wawili mbele na vijana nyuma.

Siku ya kwanza tulipelekwa kwenye kanisa la Mtakatifu Tomaso, liitwalo kwa Kijerumani Thomaskirche. Paa lake limesimama wima mno hata mtu hujiuliza mafundi walishikilia nini walipoliezeka. Nje ya kanisa ipo sanamu ya shaba ya Johann Sebastian Bach, iliyowekwa mwaka wa 1908. Mfuko mmoja wa koti lake umefanywa kama umegeuzwa nje, na watu wa mji husema kwa mzaha kuwa ndio mfuko wa mwalimu asiye na fedha. Walimu waliokuwa katika safari yetu walicheka kuliko wengine wote.

Huyu Bach alikuwa nani? Jina lake limo katika vitabu vya nyimbo vya kwaya zetu, ila wengi hatukumjua maisha yake. Aliajiriwa na baraza la mji wa Leipzig mwaka wa 1723 awe Kantor, yaani mwalimu wa nyimbo wa shule ya Mtakatifu Tomaso na mkuu wa nyimbo katika makanisa ya mji. Wazee wa baraza hawakumtaka yeye kwanza. Walimtaka Telemann wa Hamburg, naye akabaki kwake. Wakamtaka Graupner, na bwana wake akakataa kumwachilia. Ndipo wakamchukua Bach, wala hawakujua waliyempata. Akafanya kazi hiyo miaka 27 mpaka alipokufa tarehe 28 Julai 1750.

Kazi ilikuwa nzito. Katika miaka yake ya kwanza alitunga wimbo mpya mrefu wa kwaya na vyombo karibu kila juma, ukaandikwa, ukanakiliwa kwa kila sauti, ukafundishwa vijana, ukaimbwa Jumapili. Mshahara ulimsumbua kama unavyowasumbua wengi. Sehemu ya mapato yake ilitoka katika ada za mazishi, na katika barua ya mwaka wa 1730 alimlalamikia rafiki yake kwamba hewa ikiwa njema wafu huwa wachache na mapato hupungua. Mwaka huo huo alilipelekea baraza maandishi ya kuomba waimbaji na wapiga vyombo wa kutosha. Humo aliwapanga vijana wake 54 katika mafungu matatu: 17 wafaao, 20 wasiofaa bado, na 17 wasiofaa kabisa. Enyi viongozi wa kwaya mliopo hapa, bila shaka mwayajua mafungu hayo matatu! Sisi tuliposomewa habari hizo tulitazamana, kila mtu akijiuliza yeye yumo katika fungu lipi.

Lakini jambo lililotushika zaidi ni kwaya yenyewe. Kwaya ya vijana wa Mtakatifu Tomaso ilianza mwaka wa 1212 pamoja na nyumba ya watawa ya hapo. Mwaka wa 2012 ilitimiza miaka 800. Fikirini, Wazee wetu, vizazi vingapi vimepita katika miaka hiyo! Dini ya mji ilibadilika mwaka wa 1539, watawa wakaondoka, lakini baraza la mji likachukua ulezi wa shule na kwaya, na mpaka leo mji ndio unaoilea. Vita vimekuja vikapita, wafalme wameondoka, serikali zimebadilika, na kwaya ingali inaimba.

Tuliuliza siri yake. Tulidhani tutaambiwa habari za vipawa, au za fedha. Fedha zipo, hatukatai, lakini tulivyoonyeshwa, nguvu yake ni utaratibu. Watoto huingia wakiwa na umri wa miaka tisa hivi, hukaa bweni, husoma katika shule ya Mtakatifu Tomaso, na hujifunza kuimba siku baada ya siku mpaka wamalizapo shule. Wakubwa huwaangalia wadogo na kuwaongoza, kama kaka awaongozavyo wadogo zake. Mtoto akiondoka kwa sababu sauti imekwisha au masomo yamekwisha, nyuma yake yuko mwingine ambaye amekwisha kuzijua nyimbo. Hapana mwaka ambao kwaya huanza upya.

Ijumaa saa kumi na mbili jioni tuliingia kanisani kuwasikiliza, maana huimba siku hiyo na tena Jumamosi saa tisa alasiri. Kiingilio ni kununua karatasi ya mpango wa nyimbo, bei yake ni euro chache tu, na mwenye duka na mwanafunzi na mgeni huketi benchi moja. Wadogo walivaa mavazi ya kibaharia. Mwalimu wao tangu mwaka wa 2021 ni Andreas Reize, mtu wa Uswisi. Alipoinua mkono palikuwa kimya kabisa, kisha sauti ikaanza polepole kutoka juu nyuma yetu, wala hatukuweza kujua ni sauti ya mtoto yupi. Mmoja wa wazee wetu wa sauti ya nne, ambaye ameimba kwa miaka arobaini, alivua kofia yake ya sufi na kuiweka magotini, akainama mpaka mwisho.

Mbele ya kanisa, sakafuni karibu na madhabahu, lipo kaburi la Bach lenye bamba la shaba na jina lake tu. Tulidhani alizikwa hapo tangu kufa kwake. Sivyo. Alizikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Yohana bila jiwe la kumbukumbu, na muda wa miaka 144 kaburi lake halikujulikana barabara. Mwaka wa 1894 mifupa ikatafutwa ikapatikana, na baada ya kanisa lile kuharibiwa katika Vita Kuu ya Pili ikahamishiwa hapo ilipo sasa. Basi mji ule uliosifiwa kwa nyimbo ulimsahau mtunzi wake mkuu, nao ulikuwa mji wenye shule na vitabu na wino! Tuwe waangalifu sisi ambao mengi yetu yamo katika vichwa vya wazee tu.

Sikilizeni sasa jinsi kazi yake ilivyookoka. Alipokufa, karatasi zake ziligawanywa kati ya mjane na wana, kama migomba igawanywavyo katika kihamba. Mjane wake, Anna Magdalena, aliipa shule ya Mtakatifu Tomaso fungu moja la karatasi za nyimbo mwaka ule ule wa 1750. Mwana mkubwa, Wilhelm Friedemann, alichukua fungu lake, na baadaye alipopatwa na umaskini akaziuza, zikatawanyika. Karatasi zilizowekwa shuleni ziko Leipzig hata leo. Katika zile zilizotawanyika, nyingi hazionekani tena. Nyimbo zake ndefu za kanisani zilizosalia ni karibu 200, na wataalamu wadhani kwamba zaidi ya 100 zimepotea. Mtunzi ni mmoja, karatasi ni za namna moja, na wino ni ule ule. Zilitofautiana kwa mahali zilipowekwa tu. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lenyewe lisipokuwa na mlinzi hupotea vile vile.

Na ziliposalia, alihitajiwa mtu wa kuzifungua. Mtu huyo alikuwa Felix Mendelssohn. Mwaka wa 1829, naye ana umri wa miaka 20, aliongoza mjini Berlin wimbo mkuu wa Bach wa mateso ya Yesu kwa Mathayo, ambao watu walikuwa wameuacha kwa miaka mingi. Mwaka wa 1835 akaja Leipzig kuongoza wapiga vyombo wa jumba la Gewandhaus, na mwaka wa 1843 akaanzisha chuo cha muziki na kumsimamishia Bach kumbukumbu ya mawe karibu na kanisa. Tuliiona, tukaiona na nyumba aliyofia mwaka wa 1847.

Msidhani hata hivyo kwamba watu wa Leipzig walitunza tu bila kuvunja. Mwaka wa 1936, siku za utawala wa Hitler, sanamu ya Mendelssohn mwenyewe iliangushwa kwa sababu alizaliwa Myahudi. Meya wa mji, Carl Goerdeler, alikataa jambo hilo akaacha kazi yake. Naye baadaye aliuawa na serikali hiyo, mwaka wa 1945. Sanamu mpya ilisimamishwa mwaka wa 2008. Kadhalika kanisa la chuo kikuu, lililosalimika katika mabomu ya vita, lilivunjwa kwa baruti na serikali ya kikomunisti tarehe 30 Mei 1968, na leo mahali pake pamejengwa jengo jingine lenye sura ya kulikumbuka. Na katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi, ambalo nguzo zake zimechongwa juu kama makuti ya mitende, tulielezwa jinsi watu walivyokutana kwa sala kila Jumatatu, mpaka tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 wakatembea mjini wakisema wanataka uhuru, wengi wameshika mishumaa, wala risasi haikupigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Basi kutunza ni kazi ya kila kizazi. Kizazi kimoja kikilala, kazi ya mia huharibika kwa siku moja.

Siku ya nne tulitembelea jumba la makumbusho liitwalo Grassi, penye vitu vya watu wa mabara mengi. Vingi vililetwa kutoka Afrika siku za utawala wa Wajerumani, na siku hizi wenyewe huko wanajadiliana waziwazi vilipatikanaje na vipi virudishwe. Hata jiwe ambalo Hans Meyer alilichukua kileleni kwa mlima wetu alimpelekea Kaiser, likatiwa ukutani katika jumba lake la Potsdam. Tulipotoka hapo vijana walibishana njia nzima. Wengine walisema, vitu vile vimeibwa. Wengine walisema, vingebaki kwetu mchwa wangalivila. Mzee wetu mmoja akawanyamazisha akasema, “Cha mtu ni cha mtu, hata kama mwenyewe amelala. Lakini heri asilale.”

Kisha tukaenda nyumba ya Misioni. Huko tulionyeshwa vitabu vya Bruno Gutmann, mmisionari aliyefika Afrika Mashariki mwaka wa 1902, akakaa Old Moshi miaka mingi, akarudi kwao mwaka wa 1938. Wazee wa hapa walimweleza sheria zetu, naye akaziandika katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka wa 1926. Walimweleza pia mafundisho waliyopewa vijana, akayatoa katika vitabu vitatu kati ya mwaka wa 1932 na 1938. Tulivishika kwa mikono yetu. Tuliona maneno ya Kichaga humo, maneno ambayo mdogo kati yetu hakuyajua na mzee aliyakumbuka kwa shida. Lakini maelezo yote ni ya Kijerumani. Tunamshukuru aliyeandika. Walakini ni jambo la kufikiri, Wazee wetu, kwamba mjukuu akitaka kujua babu yake alifundishwa nini, imempasa kwanza ajifunze lugha ya watu wa mbali.

Jioni ya siku ya tano tuliimba sisi wenyewe katika kanisa moja la mtaani. Watu walijaa. Tuliimba nyimbo za kanisa kwa sauti nne, kisha tukaimba wimbo ule wa kale wa wanawake wakirudi na majani ya ng'ombe, nao wakapiga makofi mpaka tukaurudia mara ya pili. Wenyeji wetu walikuwa wamechapa karatasi ya mpango kama desturi yao. Mbele ya kila wimbo wa Ulaya paliandikwa jina la mtunzi, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Mbele ya wimbo wetu, ule ule uliopendwa kuliko zote, paliandikwa “wa kienyeji” tu. Baada ya kuimba, mwanamke mmoja mzee alitujia akauliza, “Ulitungwa na nani? Katika kijiji gani? Huimbwa saa ngapi ya siku?” Mama mmoja katika kwaya yetu akajibu kwamba alifundishwa na bibi yake huko Mamba, na bibi alifundishwa na mama yake. Yule mzee akatoa kalamu, akaandika jina la bibi huyo pembeni mwa karatasi yake. Basi hivi sasa, ndugu zetu, jina la bibi yule limeandikwa Leipzig, na hapa kwetu halijaandikwa popote.

Kwa ajili ya hayo tunaleta ombi letu, nalo si la fedha nyingi.

Kwanza, kila kwaya na kila shule iwe na daftari moja kubwa la nyimbo za kale. Katika kila wimbo liandikwe jina la aliyeufundisha, kijiji chake, kazi au sikukuu unaoimbiwa, maneno yake kwa lugha yenyewe, maana yake kwa Kiswahili, na noti zake za solfa. Simu za mkononi zinanasa sauti, na ni msaada mkubwa. Lakini simu huanguka mtoni, huibwa, hufa. Sauti inaswe, na maneno yaandikwe pia.

Pili, daftari linakiliwe mara mbili, moja likae shuleni na la pili kanisani au nyumbani kwa mzee aliyechaguliwa mbele ya watu, ili moto au mchwa wakila moja la pili libaki. Mwalimu akihamishwa, alikabidhi mbele ya mashahidi kama akabidhivyo funguo.

Tatu, wazee waulizwe kwa heshima, na idhini yao ipatikane. Yako mambo ambayo si ya kuimbwa mbele ya kila mtu, na wao ndio wajuao mipaka. Waendao kuuliza waende mapema, maana wengi wa wajuao wana miaka themanini na zaidi.

Nne, watoto wafundishwe nyimbo hizo kila juma, mkubwa akimfundisha mdogo. Wimbo uliomo katika daftari tu umehifadhiwa, lakini haujaishi. Karatasi za Bach zilikaa kabatini miaka mingi, zikapata uhai siku zilipoingia tena vinywani mwa watu.

Labda mtu atasema, Leipzig ni mji wa matajiri, sisi tutaweza wapi? Tutamjibu kwamba daftari na kalamu hupatikana dukani petu, na kwamba kwaya ile ilianza kabla ya stesheni, kabla ya chuo kikuu, kabla ya yote yale tuliyoyastaajabia. Ilianza na watoto wachache na mwalimu mmoja. Miaka 800 ni mwaka mmoja uliofuatwa na mwingine, kila mwaka ukiwa na mtu aliyekubali kwamba kazi hii ni yake.

Kwaya yetu imekwisha kununua daftari lake. Ukurasa wa kwanza una wimbo wa majani ya ng'ombe pamoja na jina la bibi wa Mamba. Kurasa zilizobaki ni 190, nazo ni tupu. Jumamosi ijayo, baada ya saa nane, tutaketi hapa shuleni na kalamu zetu. Mzee yeyote mwenye wimbo, mama yeyote mwenye wimbo, na aje, au atume mjukuu aje atuite, nasi tutamfuata kwake hata kama ni mlima.